Alichouliza mwanangu kwenye mlima wa Sekenke

Basi letu lilisimama katikati ya mteremko wa Sekenke, wilayani Iramba, mnamo saa tano asubuhi. Mbele yetu lori la mizigo lilikuwa limeharibika kwenye kona, na utingo wake alikuwa ameshaweka matawi ya miti barabarani kuwaonya wanaokuja. Konda wetu alishuka, akatazama, akarudi na maneno ambayo kila msafiri wa barabara hii ameshayasikia: "Tulieni jamani, tunapita kwa zamu."

Ndipo nyani wakatoka kwenye miamba.

Walishuka mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaoijua ratiba ya mabasi. Abiria wa dirishani wakaanza kurusha ndizi na vipande vya mahindi ya kuchoma. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amebandika uso kwenye kioo. Akamnyooshea kidole jike mmoja aliyekaa ukingoni mwa barabara. Nyuma yake palikuwa pamevimba, pamekuwa pekundu kama nyanya iliyoiva.

"Mama, yule ameumia. Mbona hawampeleki hospitali?"

Nusu ya basi ikacheka. Mzee aliyekaa nyuma yetu akasema, "Nyani haoni kundule," na nusu iliyobaki ikacheka. Mimi ninaandika habari za afya, na mara kwa mara nimewashauri wazazi katika ukurasa huu wawajibu watoto wao ukweli. Nikamwambia mwanangu: "Amekalia miba. Atapona."

Nilijua nimedanganya. Naandika safari hii kwa sababu ya jibu hilo, na kwa sababu ya mdogo wangu niliyekuwa naenda kumchukua.

Begi tupu

Mdogo wangu ameolewa katika kijiji kimoja jirani na Shelui, pale chini mlima unapokwisha na tambarare za Wembere kuanza. Ana miaka 24. Mumewe yuko machimboni mkoani Geita na hurudi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mama yetu alifariki Novemba mwaka jana, mdogo wangu akiwa na mimba ya miezi sita. Februari akajifungua mtoto wa kike.

Tangu hapo sauti yake kwenye simu ilianza kupungua. Nikimuuliza, anasema "niko sawa". Nikisema "kula vizuri", anasema "nakula". Ndugu wakakaa kikao, na baba mkubwa akatoa uamuzi: nikamchukue yeye na mtoto, waje waishi nami Dodoma. Nina vyumba viwili, maji yanatoka bombani, hospitali iko karibu. Nikaomba likizo, nikanunua begi kubwa la "shangazi kaja", nikalikunja tupu ndani ya begi langu, nikamshika mwanangu mkono.

Namlea mwanangu peke yangu. Baba yake anaishi mkoa mwingine na hupiga simu mara mojamoja. Nalitaja hili kwa sababu litarudi baadaye, kwenye swali la nyani.

Kutoka Dodoma tulipita Manyoni na Ikungi, tukalala Singida mjini kwa rafiki yangu wa chuo. Mwezi Juni Singida ni baridi na upepo. Jioni alitutembeza kando ya Ziwa Singidani, ambako mawe makubwa yamepandana kama magunia ghalani. Juu ya mawe hayo palikuwa na tumbili, wale wadogo wa kijivu wenye uso mweusi, ambao wengi wetu huwaita ngedere. Nilihesabu 17, kisha wakasogea nikapotea hesabu.

Mara mmoja akatoa mlio mkali, wote wakatazama juu na kukimbilia kwenye kichaka. Mwewe alikuwa anapita. Nikamweleza mwanangu jambo nililolisoma chuoni: watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney waliwachunguza tumbili wa Amboseli, Kenya, na mwaka 1980 wakaonyesha kwamba tumbili wana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Wakisikia wa chui hupanda mtini. Wakisikia wa tai hutazama juu au hukimbilia kichakani. Wakisikia wa nyoka husimama kwa miguu miwili na kukagua nyasi.

"Nani anawafundisha?" akauliza.

"Wanazaliwa na mlio, lakini watoto hukosea. Hupigia hata njiwa mlio wa tai. Wanajifunza kwa kuwaangalia wakubwa."

Swali hilo nililijibu vizuri. La kesho yake ndilo lililonishinda.

Nyumbani kwa mdogo wangu

Tulifika mchana. Uani palikuwa na turubai kubwa, na wanawake watano walikuwa wanapiga alizeti kwa fimbo huku wengine wawili wakipepeta kwa ungo. Mama mkwe wa mdogo wangu aliacha fimbo akaja kunipokea. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akanishika mikono yote miwili na kuniuliza habari za wote, mmoja baada ya mwingine, hadi wale ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimewasahau.

Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekonda, anachambua mbegu. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa mgongoni kwa wifi yake. Baada ya muda nikamwona mgongoni kwa jirani, halafu mapajani kwa msichana wa darasa la sita. Alipolia njaa akaletwa kwa mama yake, akanyonya, akachukuliwa tena.

Nikiri kwamba halikunipendeza. Nilijiambia, mtoto wa miezi minne anapitia mikono mingi mno, na mikono yenyewe ina vumbi la alizeti. Nikaona nimekuja kwa wakati.

Usiku ule sikumwambia neno kuhusu begi.

Asubuhi na babu

Asubuhi babu wa mume wake, mzee ambaye amelinda mashamba ya ukoo wao tangu utoto, alimwambia mwanangu, "Njoo nikuonyeshe majirani zangu." Tukamfuata hadi chini ya mlima, tukakaa juu ya jiwe. Jua lilipogusa miamba, nyani wakaanza kushuka kutoka walikolala.

"Wanalala juu kwa sababu ya chui," akasema babu. "Nyani mmoja ni nyama. Nyani arobaini ni jeshi."

Nilitoa daftari. Maelezo mengi ya babu yanalingana na yaliyoandikwa na watafiti, na mara nyingi yeye huyasema kwa maneno machache zaidi.

Swali la kwanza la wanaochunguza wanyama hawa ni ukubwa wa kundi. Wakiwa wachache, chui anawamaliza na kundi la jirani linawafukuza kwenye miti yenye matunda. Wakiwa wengi mno, chakula hakitoshi, wanatembea mbali zaidi na wanagombana kutwa. Huko Amboseli, ambako nyani wamefuatiliwa tangu 1971 katika mradi ulioanzishwa na Jeanne Altmann na Stuart Altmann, watafiti walipima homoni za msongo wa mawazo kwenye vinyesi vya nyani kwa miaka 11. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Waliokuwa na msongo mdogo zaidi ni wale wa makundi ya kati, yenye nyani kama 50 hadi 75. Walioishi katika makundi madogo sana waliteseka, na wa makundi makubwa sana nao waliteseka.

Swali la pili ni nani anaishi na nani. Hapa kila aina ina utaratibu wake. Mbega na kima wa misituni kwa kawaida huishi dume mmoja na majike kadhaa pamoja na watoto. Katika msitu wa Kakamega, Kenya, ambako Marina Cords amewafuatilia kima tangu 1979, imeonekana kwamba msimu wa kupandana ukifika madume wa nje wanaweza kuvamia, na yule mwenye kundi akashindwa kuwazuia. Huko Amerika Kusini kuna kima wadogo waitwao titi, ambao huishi mume na mke, na baba ndiye humbeba mtoto karibu kutwa nzima. Nyani na tumbili wa kwetu ni tofauti na wote hao. Wanaishi majike wengi na madume wengi pamoja.

"Lakini wenye mji ni majike," akasema babu, akimwonyesha mwanangu kwa fimbo. "Yule mkubwa mwenye manyoya mabegani ni mgeni. Alikuja mwaka juzi kutoka upande ule. Siku moja ataondoka. Majike hawaondoki."

Ndivyo ilivyo. Kwenye Hifadhi ya Gombe, Kigoma, ambako nyani wamechunguzwa tangu 1967, Craig Packer alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba karibu kila dume akikua huhama kundi alikozaliwa na kwenda kwa wageni. Hiyo ndiyo njia yao ya kuepuka kuzaliana ndugu kwa ndugu. Jike hubaki alikozaliwa hadi kufa, akizungukwa na mama yake, dada zake na binti zake. Cheo chake hurithi kwa mama. Jambo la kushangaza ni kwamba kati ya mabinti wa mama mmoja, mdogo ndiye huishia kuwa juu ya dada zake wakubwa, kwa sababu mama humtetea yule mchanga.

Mwanangu akacheka aliposikia hilo. Mimi nilimfikiria mdogo wangu.

Jibu nililopaswa kumpa

Jike mwenye uvimbe alikuwepo asubuhi ile, si yule wa barabarani pengine, lakini wa namna ileile. Safari hii nilimwita mwanangu karibu.

"Jana nilikwambia amekalia miba. Haikuwa kweli. Hajaumia. Mwili wake unawaonyesha wengine kwamba yuko tayari kupata mimba. Uvimbe huo huongezeka kwa siku kadhaa, halafu hunywea wenyewe. Akipata mimba, atakaa nayo miezi kama sita, kisha atazaa mtoto mmoja mweusi mwenye uso wa pinki."

Akafikiri. "Na wewe ulivimba hivyo?"

Babu akageuka upande akakohoa. Nikasema, "Hapana. Kwa binadamu mwili hauonyeshi kwa nje. Ndiyo maana watu wazima huzungumza na kukubaliana."

"Na baba yake ni yupi?"

Hapo ndipo swali lilipofika nilikokuwa naliogopa. Jike wa nyani akiwa katika siku zake za kushika mimba, dume mmoja humfuata kila hatua kwa saa kadhaa au siku kadhaa, akiwazuia wenzake. Lakini anaweza kunyang'anywa, na jike naye ana hiari zake, hivyo katika mzunguko mmoja anaweza kupandwa na madume zaidi ya mmoja. Ukiwatazama kwa macho utasema hakuna baba.

Watafiti wa Amboseli nao walilichunguza jambo hilo. Walipopima vinasaba, wakakuta jambo jingine, wakalichapisha mwaka 2003: watoto wawili wakigombana, dume mara nyingi zaidi huingilia kumsaidia mtoto wake wa kumzaa kuliko asiye wake. Haijulikani kwa hakika anamtambua kwa kitu gani, lakini anamtambua. Aidha, jike mwenye kichanga mara nyingi huwa na dume mmoja ambaye ni rafiki yake. Anakaa karibu naye, wanachambuana manyoya, na mtoto hukimbilia kwake akitishwa. Barbara Smuts aliandika kitabu kizima kuhusu urafiki huo mwaka 1985, kutokana na nyani aliowafuatilia karibu na Gilgil, Kenya. Mara nyingi dume huyo ndiye baba. Wakati mwingine siye, na bado anamlinda.

Nikamwambia mwanangu hivi: "Baba yake ni mmoja wa wale wakubwa. Anaweza kuwa karibu au anaweza kuwa amehama. Lakini mtoto wa nyani halelewi na mtu mmoja. Tazama."

Tukatazama. Mama mmoja alikuwa amelala chali huku jike mzee akimchambua manyoya ya tumboni. Kichanga chake kilikuwa kimeshikwa na jike mwingine kijana, ambaye alikibeba vibaya, kichwa chini, hadi mama akanyoosha mkono kukirudisha. Dume wa mabegani alikaa hatua tano kutoka hapo, akijifanya haoni.

Mwanangu hakuuliza tena. Baadaye njiani akasema, "Baba yangu amehama." Nikasema, "Ndiyo. Lakini anakujua." Tukaendelea kutembea.

Kundi na afya ya mama

Kuna utafiti mmoja ninaoukumbuka kila nikiandika kuhusu wazazi wapya. Mwaka 2003 Joan Silk, Susan Alberts na Jeanne Altmann walichapisha hesabu za miaka 16 za majike wa Amboseli. Majike waliokuwa na uhusiano wa karibu na wenzao, waliokaa pamoja na kuchambuana manyoya, watoto wao walifikisha mwaka mmoja kwa wingi zaidi. Matokeo hayo hayakutegemea cheo. Jike wa chini mwenye marafiki alifanikiwa.

Mwingine ni wa 2016, uliofanywa na Jenny Tung na wenzake. Walihesabu shida ambazo nyani jike huweza kukutana nazo utotoni: kuzaliwa wakati wa ukame, kuzaliwa katika kundi kubwa mno, kuwa na mama wa cheo cha chini, kuwa na mama mpweke, kufiwa na mama mapema, na kupata mdogo upesi mno. Waliopitia shida tatu au zaidi, kwa wastani, walikufa miaka kama 10 mapema kuliko waliopitia moja au wasiopitia yoyote. Mama mpweke amehesabiwa hapo pamoja na ukame.

Mwingine ulitoka Botswana, katika Moremi, mwaka 2006. Majike waliofiwa na ndugu wa karibu kwa kuliwa na wanyama wakali, homoni zao za msongo zilipanda kwa takriban mwezi. Walichofanya ni kuanza kuchambuana manyoya na wenzao zaidi ya kawaida, hata na majike ambao zamani hawakuwa na mazoea nao. Baadaye homoni zikashuka.

Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikiyakumbuka haya, na nikaiona kwa macho mengine ile picha ya jana: turubai, alizeti, mtoto anayepita mgongo hadi mgongo, na mdogo wangu aliyefiwa na mama yetu akiwa amekaa katikati ya wanawake saba.

Tusizidishe. Nyani si mwalimu wa ndoa wala wa malezi. Dume mgeni anaweza kuua kichanga ambacho si chake. Jike wa cheo cha juu anaweza kumnyang'anya mwenzake mtoto na kukaa naye hadi adhoofike. Anayetaka kuhalalisha tabia yake kwa kuwataja wanyama ataokota anachokitaka na kuliacha lingine. Lakini mwili wa mama anayenyonyesha, kwao na kwetu, unahesabu watu walio karibu.

Mazungumzo ya jikoni

Usiku wa pili tulikuwa jikoni, mlenda uko motoni. Nikamwambia nilichotumwa.

Alinyamaza, kisha akauliza, "Dada, Dodoma mchana nitakaa na nani?"

Nikaanza kueleza. Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi jioni. Kuna geti. Kuna televisheni. Jirani wa kushoto simjui jina. Wa kulia tunasalimiana kwa honi.

"Na wewe ukiumwa usiku, unamwita nani?"

Sikuwa na jibu. Mwaka jana niliumwa homa kali, nikamwamsha mwanangu aniletee maji.

"Mimi sina furaha, dada, ni kweli," akasema. "Namlilia mama. Lakini hapa nikilia, mama mkwe anamchukua mtoto ananiacha nilie. Wifi analala chumbani kwangu tangu nijifungue. Wakiniona sijala, hawaniulizi, wanaleta sahani na kukaa hadi iishe. Nikija kwako nitalia peke yangu."

Sikufunga begi usiku ule. Lakini mimi ni mwandishi wa afya na sikuishia kwenye kuguswa moyo. Nilimwuliza maswali ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua. Analala mtoto anapolala? Anamfurahia mtoto hata kidogo? Huwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto? Kesho yake tulikwenda pamoja zahanati, mama mkwe akiwa nasi, tukazungumza na muuguzi faraghani. Akapangiwa kurudi baada ya wiki mbili, na mama mkwe akaelezwa dalili za kuangalia.

Huzuni nyepesi siku chache baada ya kujifungua huwapata wengi na hupita. Ikizidi wiki mbili, ikiambatana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, kujiona huna thamani au kutomjali mtoto, huo ni ugonjwa na una tiba. Mume, dada, mama mkwe: msisubiri mama aombe msaada. Mpelekeni. Na mama akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, nendeni siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Kundi zuri halichukui nafasi ya muuguzi. Linamfikisha mgonjwa kwake.

Ndizi za barabarani

Babu alikuwa na ombi moja kwa wasomaji wa gazeti. "Waambie abiria waache kuwarushia chakula. Wakishazoea ndizi za basi, hawaogopi mtu. Mwezi wa tatu wanashuka kwenye mahindi yetu, na mtoto anayelinda shamba hawamwogopi. Wanamwangalia tu." Alisema mahindi yanapokaribia kukomaa kuna watoto wanaokosa shule kwa ajili ya kulinda, na wewe uliyetupa ndizi ulishapita zamani, uko Mwanza.

Kuna sababu ya afya pia. Huko Maasai Mara, Kenya, mtafiti Robert Sapolsky alikuwa akifuatilia kundi la nyani katika miaka ya 1980. Madume wakali zaidi wa kundi hilo walizoea kwenda kugombea mabaki kwenye jalala la kambi ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ilitupwa humo, wakaambukizwa, na karibu nusu ya madume wa kundi wakafa, wote kati ya wale wakali. Waliobaki ni madume wapole na majike. Kundi likatulia. Mwaka 2004 Sapolsky na Lisa Share waliandika kwamba miaka mingi baadaye, madume wale wapole walipokwisha na wageni kuchukua nafasi zao, upole ulikuwa bado upo. Vijana waliohamia kutoka makundi ya fujo walijifunza adabu ya pale kwa jinsi majike walivyowapokea.

Wazazi wa watoto wa kiume, sehemu hiyo niliisoma mara mbili.

Kwa usalama: msimlishe nyani wala tumbili, na msimruhusu mtoto kula mbele yao akiwa nje ya gari. Akiumwa au kukwaruzwa na mnyama wa porini, osheni jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Msisubiri kuona kama litavimba.

Kurudi

Begi la shangazi kaja lilirudi Dodoma limejaa: alizeti, vitunguu, na jogoo wa kienyeji aliyetoa kichwa pembeni na kulalamika hadi Manyoni. Mdogo wangu alibaki. Baba mkubwa hakufurahi, nikampigia mama mkwe wake wakaongea wenyewe.

Kwenye mlima wa Sekenke safari hii hapakuwa na lori bovu, lakini basi lilipanda polepole na nyani walikuwepo. Kijana wa kiti cha mbele akafungua dirisha, akashika ndizi. Mwanangu akasimama kwenye kiti.

"Kaka, usiwarushie, watakula mahindi ya babu!" Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wameshageuka kumtazama, akaona aendelee. "Na yule mwenye nyekundu hajaumia. Anataka kupata mtoto. Itanywea yenyewe."

Basi likanyamaza. Mama mmoja mwenye kitenge alinitazama kama anayeuliza huyu mtoto kalelewa wapi. Kijana akafunga dirisha, akaimenya ndizi na kuila mwenyewe.

Mdogo wangu alirudi zahanati kama alivyopangiwa. Sasa hupiga simu Jumapili, na nyuma ya sauti yake nasikia watu. Nami Jumamosi iliyopita nilichukua kibaba cha alizeti, nikagonga geti la jirani wa kushoto. Ana watoto wawili, mdogo wake ana miezi saba. Tumebadilishana namba za simu.